Fundi, Mashine Imegoma

Ujumbe ninaoupokea kuliko mwingine wowote una maneno matatu: "Fundi, mashine imegoma." Unaingia alfajiri, unaingia usiku wa manane, unaingia Jumapili ibada ikiendelea. Mara nyingi unatanguliwa na "Mambo" ambayo hukaa peke yake kwenye kioo cha simu, ikisubiri niijibu "Poa" ndipo mashine ipate ruhusa ya kugoma. Mashine ipi, imegomaje, tangu lini, imeguswa na nani, hayo sharti yavutwe moja moja, na kila moja huja kwa wakati wake, mtandao ukipenda.

Nina duka la spea na karakana ndogo hapa Kahama. Nasuka mota, natengeneza pampu, nauza beringi, mikanda na kontakta. Wateja wangu ni wenye makarasha na wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, wa ukanda huu wote wa dhahabu: Mwime hapa jirani, Kakola kwenye mgodi wa Bulyanhulu, Mwakitolyo upande wa Shinyanga vijijini, na ukivuka kwenda Geita kuna Masumbwe, Runzewe, Katoro, Rwamgasa, Nyarugusu. Nilipoanza kazi, Geita ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012. Enzi hizo mashine ikiharibika mwenyewe aliifunga kwenye kiroba, akaipandisha juu ya basi, akaja nayo akiwa mwekundu kwa vumbi la barabara. Hakuhitaji kujua kuuliza. Aliitua mezani, nikaifungua. Koili iliyoungua ina harufu yake, na beringi iliyokufa ukiizungusha kwa kidole inakwaruza. Mashine ilijieleza yenyewe.

Simu za kupapasa zilipoenea, mashine ikabaki machimboni, likaja swali peke yake. Na swali bila mashine ni kitu kigumu sana kukitengeneza.

Kwa asiyeyajua makarasha: ni pipa la chuma lililolazwa, ndani yake gololi za chuma, linazungushwa na mota kwa mkanda. Mawe yanaingia yakiwa vipande, yanatoka yakiwa unga, na unga huo ndio unaokwenda kuoshwa mwaloni. Mwenye karasha analipwa kwa mfuko. Likisimama, wenye mawe hawamsubiri kwa sababu ya urafiki. Wanabeba mifuko yao wanahamia kwa jirani. Kwa hiyo anayeniandikia "mashine imegoma" anaandika huku akitazama fedha zake zikitembea kwa miguu kwenda upande wa pili wa barabara. Haraka hiyo ndiyo inayomfanya afupishe, na ufupi huo ndio unaomchelewesha. Mazungumzo yetu huenda hivi:

"Fundi, mashine imegoma."

"Pole sana. Mashine gani?"

"Ya kusagia."

"Inafanyaje?"

"Haifanyi."

Hapo jua limeshapanda, na mimi na yeye hatujasogea hata hatua.

Sasa nieleze ujumbe wa mama mmoja wa Katoro, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliyeweka kiinua mgongo chake kwenye makarasha. Nilikuwa sijawahi kumwona. Aliniandikia asubuhi, ujumbe mmoja, na picha moja chini yake:

"Habari za asubuhi, mwanangu. Namba yako nimepewa na mteja wako wa hapa Katoro. Nina makarasha mawili. La pili lina mota ya kilowati 15. Jana hadi jioni lilisaga vizuri. Usiku umeme ulikatika, ukarudi baadaye. Tangu uliporudi, mota inaunguruma lakini haizunguki. Nilimwambia kijana azime haraka. Tumetoa mkanda, tukazungusha puli kwa mkono, inazunguka laini. Karasha la kwanza linatumia umeme huohuo na linasaga kama kawaida. Hatujafungua chochote. Picha ni ya kibati cha mota. Nianze kukagua wapi?"

Nilimjibu "Shikamoo mwalimu" kabla ya kumaliza kusoma, maana nilishajua naongea na mwalimu.

Tazama kazi aliyoifanya. Mota ya fezi tatu ikiunguruma bila kuzunguka, mambo ya kushuku kwanza ni mawili: ama kuna kitu kimeishika, ama fezi moja haifiki. Alipotoa mkanda na kuzungusha puli kwa mkono ikawa laini, alifuta la kwanza. Beringi ni nzima, na pipa halimo kwenye kesi. Aliposema karasha la kwanza linasaga kwa umeme huohuo, aliwatoa TANESCO kwenye lawama, jambo ambalo watu wa kwetu hawalifanyi kirahisi. Ikabaki njia fupi kati ya ubao wa umeme na mota ya pili: fyuzi, kontakta, waya. Kuzima haraka nako kulikuwa na maana, kwa sababu mota inayolazimishwa kufanya kazi kwa fezi mbili hupandisha joto ndani ya muda mfupi, na ingeachwa iungurume wakati watu wanashauriana, tungekuwa tunazungumzia kusuka koili upya. Na lile neno "hatujafungua chochote" ni dhahabu. Nusu ya tabu yangu ya kila siku ni kutofautisha ugonjwa wa mashine na ugonjwa ulioletwa na waliotangulia kuitibu.

Jibu langu lilikuwa mstari mmoja: zima swichi kuu, kagua fyuzi tatu za mashine hiyo. Akarudi: "Ya kati imekatika." Tukaongea kidogo kwa nini ilikatika, nikamwambia asiweke waya wa kawaida mahali pa fyuzi hata kijana wake akimshawishi vipi, na mchana karasha likawa linazunguka. Sikumtoza. Nilitaka kumlipa mimi.

Kuna watu watasema mama yule aliweza kwa sababu ni msomi. Siamini. Baba yangu mdogo alikuwa fundi kwenye jineri ya pamba Shinyanga, na kusoma kwake kulikuwa kwa kuunga unga. Spea ziliagizwa kwa simu ya upepo. Ilikuwa sauti moja kwa wakati: ukibonyeza kusema, mwenzako hawezi kukujibu mpaka uachie, na vituo vingine vyote vinasikiliza vikisubiri zamu. Nilimwona akikaa chini ya mwembe na kipande cha karatasi kabla ya kuingia chumba cha redio. Aliandika namba za kibati, akaandika sehemu ilivyokatika, akaipima kwa rula ya shule aliyoniazima na kuandika vipimo, kisha akaandika swali la mwisho peke yake, akalipigia mstari. Akiingia anasoma alichoandika, anaachia kitufe. Hakuna aliyemfundisha adabu hiyo. Alilazimishwa na foleni. WhatsApp haina foleni. Mtu anaweza kutuma neno moja moja siku nzima, na kila moja likagonga kengele kwenye simu yangu, kwa bei ya bando tu. Urahisi huo ndio uliotuharibu, si elimu.

Nikiri kwamba swali zuri si lazima liwe maneno. Maelezo ya sauti ya dakika nne yaliyorekodiwa kando ya karasha linalosaga hayanisaidii; nasikia karasha, simsikii mtu. Lakini kijana mmoja wa Mwime hunitumia video fupi isiyo na neno, na huwa namwelewa kuliko wenye insha. Siri yake ni kwamba anaanza kurekodi kabla ya kuwasha. Naona mkono unakwenda kwenye swichi, nasikia kontakta ikigonga, naona mkanda ukishtuka, nasikia mlio ukipanda na mahali unapokwama. Wengi huanza kurekodi mashine ikishanyamaza, wananitumia picha ya kitu kilicholala. Yule kijana nikimwomba asogeze simu karibu na beringi, anasogeza, na hata kama ndani ya duka kuna kelele za wateja, mlio wa beringi iliyoisha haufichiki.

Hilo la mashine kusimama linaishia kwenye hasara ya fedha. La pampu linaweza kuishia kwingine.

Nimo kwenye kundi la mafundi na wachimbaji, lililoanza wakati ukomo wa kundi moja la WhatsApp ulikuwa watu 256, na ilibidi mtu afe au akasirike ndipo mwingine aingie. Siku moja wakati wa masika, mchimbaji wa upande wa Rwamgasa aliandika: "Wakuu, pampu ya inchi tatu ni shingapi? Hii yangu ya inchi mbili haivuti." Bei zikamiminika. Wa Mwanza akataja yake, mimi nikataja yangu, mmoja akaweka na bei ya Kariakoo bila nauli. Ikawa soko. Kila mtu alijibu swali lililoulizwa, na kila jibu lilikuwa sahihi.

Ni mzee mmoja tu, fundi wa visima, aliyeuliza maji yako chini kiasi gani. Jibu: kama mita 15.

Basi biashara ikafa palepale. Pampu inayokaa juu haivuti maji kama mtu avutavyo kamba. Inapunguza hewa ndani ya mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Hata Dar es Salaam kando ya bahari, hewa haina nguvu ya kuyasukuma zaidi ya mita 10 na kidogo. Huku kwetu, ambako uso wa Ziwa Victoria tu uko mita 1,134 juu ya bahari na Geita iko juu zaidi ya hapo, hewa ni nyepesi, na kwa pampu za madukani ukipata mita 6 au 7 shukuru. Angenunua ya inchi tatu, angenunua ya inchi sita, maji yangebaki kule kule. Alikuja kuulizia dawa wakati hakuna aliyeujua ugonjwa, nasi wauza dawa tukafurahi.

Kisha likaja jambo ninalolisimulia kwa kila kijana anayekuja kujifunza kwangu. Mtu mwingine kwenye kundi, baada ya kuelewa hesabu ya mita, akaandika kwa nia njema: "Ishushe pampu chini karibu na maji, ndani ya duara, itasukuma badala ya kuvuta." Kwa hesabu, yuko sawa. Pampu inaweza kusukuma maji mbali kuliko inavyoweza kuyavuta. Mwenye duara akajibu kwa kidole gumba, na pengine alishaanza kutafuta kamba.

Fundi mmoja wa Runzewe akaandika maneno matano: "Ni ya petroli au umeme?"

Ilikuwa ya petroli.

Injini ya petroli ikishushwa kwenye shimo inatoa moshi wenye kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Shimoni haina pa kutokea. Anayeshuka kwenda kuiangalia analegea miguu kabla hajajua kwamba anaumwa, na mara nyingi anayeshuka kumwokoa naye anabaki hukohuko. Wachimbaji wa zamani wanalijua hilo vizuri. Lakini mtu wa juzi aliyetoka kulima mpunga akaingia kwenye uchimbaji halijui, naye ndiye aliyekuwa ameshika simu. Yule wa Runzewe alimpigia kabisa, hakuridhika na maandishi. Mwisho wake mchimbaji alikodi pampu ya umeme ya kuzamisha, jenereta likabaki juu, mbali na mdomo wa duara, upande ambao upepo unaupeleka moshi porini.

Nimelirudia tukio hilo kichwani mara nyingi. Muulizaji hakudanganya. Alitaja ukubwa wa pampu, akataja kinachomsumbua, akauliza kwa heshima. Alichokiruka ni yale mambo ambayo kwake yalikuwa dhahiri mno kiasi cha kutostahili kutajwa: kwamba ni ya petroli, kwamba imekaa juu, kwamba maji yako mbali. Mtu aliyesimama kando ya pampu yake anaona ni ya petroli. Atasema ili iweje? Hapo ndipo maswali ya kwenye simu yanapozama. Tunachokiona tunadhani na mwenzetu anakiona.

Ndiyo maana napenda swali liulizwe mbele ya wengi, na ndiyo maana hunikera watu wa kundi wanapomzomea anayeuliza. "Rudi VETA kwanza." "Hilo nalo swali?" "Gugo ipo." Aliyezomewa haachi kuwa na tatizo, anaacha kuuliza hadharani. Anahamia inboksi ya mtu mmoja, anapewa jibu moja, na hakuna wa Runzewe wa kulikagua.

Mpwa wangu anasoma kompyuta Dar es Salaam, na nilipomsimulia haya alicheka. Alisema wenzao wa kompyuta wana ugomvi huohuo tangu kabla hajazaliwa, tangu Jarkko Oikarinen alipobuni IRC huko Oulu, Finland, mwaka 1988, watu wakaanza kuandikiana papo kwa papo kutoka nchi mbalimbali. Mwaka 1999 Mwingereza Simon Tatham aliandika maelezo marefu ya namna ya kuripoti programu inapoharibika, na mwaka 2001 Mmarekani Eric Raymond, pamoja na Rick Moen, wakatoa mwongozo wa namna ya kuuliza maswali kwa akili. Kijana akanisomea akinitafsiria kwa simu. Tatham nilimpenda: anataka mtu aseme alichokiona, kisha kama ana dhana yake aitaje kuwa ni dhana. Huyo angeelewana na mwalimu wangu wa Katoro. Mwongozo wa Raymond na mwenzake una mambo mengi ya kweli, lakini una makali. Unamtetea sana anayejibu, kana kwamba muda wake ndio pekee unaohesabiwa. Hawakuwahi kusimama kwenye karasha lililokufa huku mifuko ya watu ikihamishwa.

Na kuna kanuni moja ya hao watu wa kompyuta ambayo siipokei: kwamba mtu asianze kwa salamu, aende moja kwa moja kwenye swali. Huku Usukumani? Hapa mtu akikukuta njiani anakuamkia "Ng'wangaluka," na habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe na za mvua zote zinapita kabla ya lililomleta. Mtu mzima akiniandikia bila hata "habari" najua ana msiba au ana dharau. Tatizo si salamu. Tatizo ni kuituma salamu peke yake na kukaa kusubiri. Uso kwa uso salamu haichukui muda, kwa sababu wote wawili mpo. Kwenye simu, mimi niko chini ya meza natafuta nati, naiona "Shikamoo" yako baada ya saa mbili, naitikia "Marahaba," wewe sasa uko mahali pasipo na mtandao, na kesho yake ndipo naambiwa pampu inavuja. Mwalimu alisalimu, akasema nani kamtuma, akaeleza, akauliza, vyote ndani ya ujumbe mmoja. Hakuna adabu iliyopungua.

Vijana siku hizi wanaiuliza kwanza akili mnemba. Sina ugomvi nayo. Mmoja alinitumia jibu alilopewa: sababu kumi za mota kutozunguka, zimepangwa vizuri, Kiswahili safi, na hata mimi sikuona kosa. Nikamwomba anionyeshe alichoiuliza. "Mota haizunguki nifanyeje." Sasa ingefanya nini, maskini? Imempa kumi kwa sababu hakuipa hata moja ya kupunguza. Nilimwambia ainakilie maelezo kama ya yule mwalimu kisha aone itabakiza ngapi. Zilibaki mbili, na alizikagua zote kabla hajaniletea fedha.

Hadi hapa nimesema kana kwamba watu hawajui kuuliza. Ukweli ni kwamba wengi wanajua, ila hawataki, na hilo lilinichukua muda kulielewa. Kwenye dhahabu, habari ni mali. Ukisema duara lako lina maji mita 15, umesema umefika wapi. Ukisema karasha lako linasaga usiku na mchana, umesema mawe yapo. Ukituma picha yenye kilima nyuma, kuna mtu kwenye kundi anakijua kilima hicho, na kabla ya wiki kwisha rashi imekufikia, watu mia wamepiga kambi. Mtu anayeandika "kuna mashine mahali fulani ina shida fulani" si mjinga. Analinda duara. Wahenga wana lao, mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuwa kwenye kundi la watu 256.

Na kuna wezi. Mtu akilalamika hadharani kwamba muamala wake umekwama, haipiti dakika anapigiwa na mwenye sauti laini akijitambulisha kuwa huduma kwa wateja, akitaka namba ya siri "ili tukurudishie." Ni ndugu yake yule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii." Namba za aina hiyo mimi nazituma TCRA kupitia 15040, na wateja wangu nawaambia: fundi anahitaji kibati cha mota, hahitaji kujua una gramu ngapi ndani wala namba yako ya siri. Uwazi wa swali una mipaka yake, na mwenye kuijua mipaka hiyo ni muulizaji, si mimi.

Kwa hiyo nimejifunza kuuliza kwa kuzunguka. Mwenye duara mmoja, ambaye hata jina la kijiji chake sijaambiwa mpaka leo, aliniandikia akitaka pampu ya kuzamisha. Nikauliza maji yako mita ngapi. Kimya. Baadaye: "Fundi, kina cha nini tena? Wewe niuzie pampu." Nikamwambia pampu hizi zinatofautiana kwa urefu wa kupandisha maji, na nikimpa fupi atairudisha kwa matusi. Kimya tena. Nikabadili: "Basi bosi, kamba mnayoshushia ndoo ni ya mita ngapi?"

Hiyo akajibu upesi. "Roba la mita 50. Ndoo ikigusa maji, juu inabaki mizunguko kama miwili kwenye winchi."

Nikapiga hesabu yangu kimyakimya, nikaongeza mita za kuvukisha maji mpaka pa kuyamwagia, na akiba ya msuguano wa mpira. Nikamwomba picha ya kibati cha jenereta, maana mota ikianza kuzunguka hunywa umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishachangamka, na jenereta dogo linazima. Picha ilikuja. Alikuwa ameisogeza simu karibu mno hivi kwamba hakuna kilichoonekana isipokuwa kibati na skrubu zake nne. Hata rangi ya udongo sikuiona. Namba zote zilisomeka. Nikamtajia pampu inayomfaa, nikamtajia na unene wa waya.

Hapo ndipo akauliza swali lililonyooka kuliko yote ya siku ile: "Mwisho shingapi?"